Majivu Yangu Hayafutiki

Jumatano, 18 Februari

Kwaresima imeanza. Nimepakwa majivu asubuhi na mapema, kabla ya kufungua kibanda changu cha waru, yaani viazi, hapa sokoni Gakoromone. Jumapili jumuiya yetu ndogo ya kanisa inachagua mwenyekiti, maana Mama Susan amechoka. Tuko wawili: mimi na Nyamu. Nyamu ni mtu wa ng'ombe tu, hata rozari huisahau nyumbani. Kiti ni changu nikionekana mtakatifu mpaka Jumapili! Injili ya leo ilisema ukifunga unawe uso na ujipake mafuta, watu wasijue. Nilimtazama Nyamu nione kama anasikiliza. Mimi sinawi.

Alhamisi, 19 Februari

Balaa. Nimeshusha magunia, jasho limeosha majivu yote. Nikaingia nyuma ya kibanda, nikachota majivu ya jiko, nikayachanganya na mafuta ya mgando ili yashike. Hata Injili nimeitii: nimejipaka mafuta. Msalaba umetoka mkubwa kuliko aliochora Padre. Mteja mmoja aliniuliza kama nimeungua.

Jirani yangu Sulemani, mwenye bucha, ameanza Ramadhani. Akauliza kama nami nafunga. Nikamwambia sijatia kitu mdomoni tangu jana. (Mukimo wa viazi wa asubuhi sikuuhesabu, ulikuwa kiporo.) Akanihurumia sana, akanialika futari kesho.

Ijumaa, 20 Februari

Ijumaa ya Kwaresima Mkatoliki hali nyama. Najua. Nimewakumbusha watu wengi leo. Kwenye Njia ya Msalaba nilipiga magoti kuliko wote, mpaka mke wangu Karambu akaninong'oneza niinuke, wenzangu wako kituo kingine. Goti limevimba.

Nikafika kwa Sulemani na njaa ya kweli. Adhana ikalia. Shamima, mkewe, akaleta uji wa moto na sambusa. Ya kwanza sikuionja, ilipita tu. Nilikuwa kwenye ya nne nilipomwona Mugendi, katekista wetu, ameketi kwenye kona na tende yake. Kumbe naye alialikwa! Shamima alidhani kila aliyepakwa majivu anafunga kama wao.

Mugendi akaniuliza polepole, "Mzee Runji, hizo ni za ndengu?"

Nikasema ni za ndengu.

"Mgeni wangu simpikii ndengu," Shamima akasema, amekasirika kabisa. "Hiyo ni nyama. Sulemani ameisaga mwenyewe."

Mvuke wa uji ulikuwa umeyeyusha mafuta. Majivu yalinitiririka mpaka puani. Aibu niliyoona sijawahi kuiona.

Jumamosi, 21 Februari

Sikulala vizuri. Mugendi amekuja kibandani. Nikamchagulia waru kubwa kubwa za bure, akakataa, akalipa. Akaniambia hatamwambia mtu.

"Kesho useme mwenyewe," akasema. "Ukisema, mimi ndiye wa kwanza kukuinulia mkono."

Hatamwambia mtu! Sehemu nyingine sikuisikiliza sana. Nimepaka majivu mapya.

Jumapili, 22 Februari

Nimeshindwa. Tulikutana kwa Mama Susan. Mugendi akasema, kwa kuwa ni Kwaresima, wagombea wasijisifu. Kila mmoja aseme alipoteleza.

Nyamu akasimama, akavua kofia, akasema mwaka mzima amekuwa akitia maji kwenye maziwa anayotuuzia. Sauti ikamkatika. Nilidhani watamfukuza. Mama Susan akalia! Hata Karambu akalia, na maziwa hayo ndiyo tunayonunua sisi.

Ikawa zamu yangu. Mugendi alinitazama kwa upole, akaanza kuitikia kwa kichwa kama anayemsaidia mtoto kusema. Maneno yalifika hapa kooni, naapa. Nikasema mimi, kwa neema ya Mungu, sina dhambi. Mugendi akainamisha macho. Mikono yote ikaenda kwa Nyamu, ukiwemo wa Karambu.

Iliniuma, siwezi kuficha. Lakini sasa nimelijua kosa langu: niliingia uchaguzini bila dhambi. Baada ya Pasaka watachagua mwenyekiti wa kanisa zima, na huko sitaenda mikono mitupu. Nimemwomba Karambu aniazime dhambi yake moja. Amesema amechoka kubeba zangu. Basi, nitaitafuta mwenyewe: ndogo, safi, ya kuwaliza akina mama.