Sare ya Marehemu Konstanty

Gerwazy Pluta hakujihesabu kuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, na yeye hajawahi kuvunja hata mmoja. Alifunguliwa, akakaribishwa, akapokewa koti na kuwekewa chai ya limau. Kilichofuata baada ya hapo, alisema, ni mapatano ya watu wazima.

Jumamosi moja ya Oktoba alikuwa anapanda Mtaa wa Wafinyanzi, hapo mjini Kłodzko, mikono mfukoni na mfuko mtupu, alipokanyaga kitu kikalia. Kilikuwa kipande cha tofali, chembamba kama kigae. Hatua mbili mbele kulikuwa na kingine. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo, halafu usiku wa jana baridi ya kwanza ikashuka na kugandisha kila kilicholowa. Maji yaliyokuwa yamenywewa na matofali ya dohani za kutolea moshi yakavimba, na asubuhi nyuso za matofali zikabanduka na kudondoka barabarani.

Gerwazy akainua macho. Kila paa lina dohani, kila dohani ni nzee, na chini ya kila moja kuna jiko la vigae na mtu anayeogopa kufa usingizini kwa moshi asiouona. Aliokota vipande saba, akavipangusa, akavitia mfukoni kwa heshima ambayo wengine huwawekea watakatifu.

Kilichokosekana ni sare. Kwetu hakuna anayebishana na mfagia dohani. Akipita na nguo zake nyeusi na vifungo vyake vya shaba, hata hakimu husimama, hushika kifungo cha koti lake mwenyewe na kuomba bahati. Mtu anayeshikiwa kifungo na hakimu ana kazi gani ya kuonyesha cheti?

Siku ya pili, Jumapili, aliipata sare yenyewe kwenye soko la vikuukuu, ikining'inia kati ya saa mbovu na picha za mababu wa watu. Muuzaji alikuwa mzee Eustachy, mwenye masharubu yaliyogeuka njano kwa tumbaku.

"Hiyo ni ya marehemu mmoja," alisema Eustachy. "Siuzi kwa mtu yeyote tu."

"Mimi si mtu yeyote tu, mzee wangu. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani."

"Ahaa! Jukwaani." Eustachy akachukua mwiko wa mwashi uliokuwa mezani. "Hebu nishikie huu kidogo, nikufungie mzigo wako."

Gerwazy akaushika. Baba yake alikuwa mwashi, na alimfundisha kazi hiyo kwa makofi mpaka alipotimiza miaka kumi na saba na kukimbia. Akili ilishasahau, mkono haukusahau. Kidole gumba kilikwenda chenyewe kulala juu ya mpini. Eustachy akakitazama kidole kile kwa muda, kisha akapunguza bei bila kuombwa.

"Wewe kijana una uso wa imani," alisema akifunga fundo. "Mjini wamejaa wahuni. Namwonea huruma yule mjane wa namba kumi na tisa, Wafinyanzi. Bi. Leokadia. Mpweke, macho hayaoni vizuri, na kila alichonacho kiko kwenye kopo la biskuti. Mhuni akimgundua, basi tena."

"Mungu amlinde," alisema Gerwazy, na kwa kweli alitaka Mungu amlinde, angalau mpaka Jumanne.

Jumatatu aliitumia kuujaribu mchezo wake. Aligonga kwa Bwana Knapik, mwoka mikate wa namba kumi na tano, bahili aliyeuza hata mikate ya jana kwa bei ya leo.

"Hiki ni chako, bwana," alisema, akimwekea kipande cha tofali kiganjani.

"Kimetoka wapi?"

"Juu ya kichwa chako. Kingine kitamwangukia mteja. Mimi nikiandika ripoti, jiko lako la mikate linafungwa mpaka masika, baridi ikiisha. Lakini naweza pia nisiandike, nikapanda mwenyewe sasa hivi."

Knapik akapauka, akashika kifungo chake, akalipa. Gerwazy akapanda, akapaka simenti kidogo mahali panapoonekana kutoka chini, akapiga nyundo mara kumi kwa ajili ya masikio ya mlipaji, akashuka. Mchezo huohuo akaucheza kwenye nyumba mbili nyingine.

Jumanne asubuhi, jua limetoka na baridi imelegea, akagonga namba kumi na tisa.

Bi. Leokadia alikuwa mfupi, ana shali ya kijivu na miwani mizito. Alipoiona sare alinyoosha mkono, akakishika kifungo cha tatu, akakigeuza kidogo. Gerwazy aliona ajabu, maana kwetu mtu hushika kifungo chake mwenyewe, si cha fundi. Akasema moyoni kwamba huo ni uzee.

"Karibu, fundi. Mungu amekuleta."

"Mama, usiogope, lakini kipande hiki..."

"Changu hicho! Nilijua tu," alisema, kabla hajamaliza. "Utanifanyia? Kila kitu kiko darini: mchanga, ndoo, mwiko, tindo. Fanya kwanza, ukishuka tutafungua kopo."

Neno kopo lilimpandisha Gerwazy ngazi mbilimbili. Darini alikuta kweli vifaa vimepangwa, na pipa la chokaa iliyolowekwa, laini kama jibini. Hakushangaa. Mtu anayewaza kopo la biskuti hashangai mambo mengine. Alivitoa kupitia mlango mdogo wa paa, maana mbele ya mjane lazima uonekane unafanya kazi, kisha naye akatoka.

Mlango ukafungwa nyuma yake. Komeo likalia.

"Mama? Upepo umefunga mlango!"

Akagonga, akapiga ngumi. Kisha akasikia sauti, na sauti ile ilitoka ndani ya dohani.

"Mwanangu, usichoke bure. Safu nne za juu, upande wa kaskazini, ndizo zilizooza. Toa udongo wa zamani ulio kati ya matofali kwa kina cha vidole viwili."

Gerwazy alichungulia kwenye shimo jeusi. Bi. Leokadia alikuwa jikoni, amefungua kile kimlango cha kutolea masizi, ameingiza kichwa.

"Mama, nifungulie! Huu ni utekaji!"

"Basi piga kelele. Watakuja zimamoto, na zimamoto hawaendi kwenye dohani bila fundi mkuu wa mji. Atafurahi kukuona. Sare hiyo anaijua. Ni ya mume wangu."

Gerwazy akakaa juu ya vigae.

"Kifungo cha tatu nimekishona kwa uzi mwekundu, kwa mkono wangu," sauti iliendelea. "Konstanty wangu alifagia mji huu miaka arobaini. Eustachy aliyekuuzia ni shemeji yangu, na kidole gumba chako ndicho kilichomwambia una mkono wa mwashi."

"Mnaniingiza mjini mimi?" Gerwazy alisema, na uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa. "Mimi?"

"Sikiliza." Sauti ikabadilika, utani ukaisha. "Ijumaa anakuja mkaguzi. Dohani ikiwa hivi, atalifunga jiko kwa waya na muhuri wa madini ya risasi. Mwanangu Radosław ameshanichagulia kitanda kwenye nyumba ya wazee kule Wrocław, anangojea sababu tu. Mafundi watatu nimewaomba. Wote wameniambia nirudi masika. Hapa nimezaa, hapa nimefua masizi ya Konstanty mpaka kucha zikabaki nyeusi. Sihami kwa ajili ya safu nne za matofali. Shika tindo."

Akashika tindo.

Mwanzoni alifanya vibaya makusudi. Lakini Bi. Leokadia aliijua kazi kwa kusikia. "Hujafika vidole viwili," dohani ilisema. Baadaye: "Umesahau kulowesha tofali." Na alipotoa mfuko wake wa simenti ili amalize haraka, dohani ikanguruma: "Ole wako! Matofali haya ni laini, yanapumulia chokaa. Ukiyaziba kwa simenti maji yananaswa ndani, baridi ikija yanapasuka yote."

"Umejuaje kama ni simenti?"

"Mhuni gani hutembea na chokaa?"

Saa sita mchana Bwana Knapik alitoka dukani, akasimama katikati ya barabara, shingo nyuma.

"Fundi! Yangu umemaliza kwa dakika kumi! Hii mbona asubuhi nzima?"

"Hii ni mbovu zaidi, bwana wangu!"

"Mwongo," ilisema dohani.

"Umesemaje?"

"Nimesema upepo!"

"Naona unatetemeka. Nikuitie zimamoto wakuletee ngazi?"

"Hapana!" Gerwazy alipiga ukelele uliowarusha njiwa wa mapaa matatu. "Nina raha tele, bwana! Rudi kwenye mikate yako!"

Knapik akashika kifungo chake na kurudi ndani, akiwaza jinsi mafundi wengine wanavyoipenda kazi yao.

Kwenye safu ya tatu mikono ilianza kwenda yenyewe. Kiungo cha chokaa kati ya matofali kikatoka kimenyooka, kilichofuata kikanyooka zaidi, na Gerwazy akajikuta anafuta ukingo kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yake. Alipofunika kazi kwa magunia mabichi alirudi nyuma hatua moja kuiangalia. Ilikuwa nzuri. Alifurahi, akajikasirikia kwa kufurahi, kisha akafurahi tena.

Komeo likafunguliwa. Jikoni kulikuwa na bakuli la supu ya uchachu yenye yai na soseji, na fulana nene ya sufi kwenye kiti.

"Vua hiyo, imelowa, niikaushe," alisema Bi. Leokadia. Sare ikaondoka, na Gerwazy hakuiona tena siku hiyo.

"Na kopo?" aliuliza, kwa sauti ya mtu asiye na matumaini makubwa.

Bi. Leokadia akafungua kopo la biskuti. Lilikuwa na sindano, vifungo na uzi, mwingi wa huo uzi ni mwekundu.

"Kila nilichonacho," alisema. "Kesho unaanza na kwa Knapik. Ni bahili, simpendi, lakini simenti yako itaua mtu barabarani. Halafu zile nyumba mbili za jana; mtaa huu hauna siri."

"Nikikataa?"

"Knapik anapenda kuita zimamoto."

Ijumaa mkaguzi alipanda, akapitisha ufunguo kwenye viungo, akapigapiga matofali kama anayebisha hodi. Aliposhuka aliandika kwamba dohani ni salama, moto mdogo tu mpaka chokaa ikomae, na akauliza jina la fundi. Bi. Leokadia akakaa kando ya jiko lake akalia. Kisha akampigia Radosław simu na kumwambia kitanda kile akalale mwenyewe.

Jumapili Gerwazy alikwenda sokoni kudai pesa zake za sare, mgongo ukimuuma na kiganja kina malengelenge. Sare ilikuwa imeshapigwa brashi na kutundikwa, vifungo vinang'aa.

"Ah, mwigizaji!" alisema Eustachy. Akashusha sauti. "Shemeji anakusalimu. Mtaa wa juu kuna wajane wawili na mwalimu mstaafu, dohani zao zimeinama. Anasema asipopatikana mtu mwingine wiki hii, anajua unapoishi."

Papo hapo akatokea kijana mmoja, viatu vinang'aa, tabasamu linang'aa zaidi, akaanza kuipapasa ile sare.

"Ni ya mchezo wa kuigiza," kijana alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Gerwazy alifungua kinywa ili amwonye. Alikuwa na nia hiyo, na dhamiri ilikuwa inamsukuma kwa nguvu. Ndipo malengelenge yakamuuma.

"Chukua, ndugu yangu," alisema. "Mimi niliivaa siku mbili tu, na mpaka leo mji mzima unanishikia vifungo."

Akaokota mwiko mezani, akamnyooshea.

"Hebu nishikie huu kidogo, mzee akufungie mzigo."

Kijana akaushika. Wazee wawili, mmoja wa miaka na mwingine wa wiki ile tu, wakainama pamoja kutazama kidole gumba kinalala wapi.