Geti Lililotuhamishia Ughaibuni

Haya nimeyapata kwa Tzivia wa ghorofa ya nne, juzi, siku mbili baada ya harusi ya mjukuu wangu Bluma, tukimenya viazi. Mengine sikuhitaji kuambiwa, maana nilikuwamo. Mimi ni Mjumbe wa Ngazi na Taka katika Kamati ya Mtaa, cheo nilichokipata kwa kuchelewa kufa kuliko waliokuwa mbele yangu.

Baada ya Pasaka, Kamati ilitangaza jambo kubwa. Geti linalozuia magari siku za Sabato na sikukuu, siku ambazo gari na simu ni mwiko kwetu, halitafungwa tena na binadamu, kiumbe msahaulifu. Litajifunga lenyewe kwa kompyuta. Tzivia, ambaye kazi yake ni kuandika programu, alisema hana haja ya kuanza kuhesabu miezi na sikukuu upya. Ipo maktaba ya kalenda ya Kiyahudi. Si ya vitabu. Ni kazi waliyokwisha kuifanya wengine, unaichukua bure, unaitia kwenye programu yako, kama unga uliokwisha kuchekechwa.

"Ila kuna jambo moja," alituambia kikaoni. "Lazima niiambie tuko wapi. Kwetu sikukuu ni siku moja, kwa Wayahudi walio ughaibuni, nje ya nchi hii, ni mbili. Usipoiambia, inadhani uko ughaibuni."

Mwenyekiti wetu, Reb Zundel, alicheka mpaka kofia ikainama. "Binti yangu, nani asiyejua tuko Yerusalemu? Tukianza kuiambia mashine, itaonekana tuna shaka!"

Tukapiga kura isiambiwe kitu. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyanyuka. Sikuwa nimeelewa, lakini niliunyanyua vizuri sana. Tukaazimia pia kwamba mfumo haukosei, na kwamba ufunguo wa dharura ashike Mwenyekiti peke yake.

Shavuoti, sikukuu ya majuma saba baada ya Pasaka, ikaangukia Jumatatu. Tukala keki zetu za jibini, geti likajifunga kwa adabu. Jumanne, siku ya harusi, maduka wazi, mabasi yanapita barabara kuu, geti limelala palepale.

Lori la chakula likasimama nje. Samaki na kuku wa watu mia tatu, jua la utosi, ukumbi juu kabisa kilimani. Dereva, Avshalom, akatoa kichwa dirishani.

"Bibi wee! Barafu imekwisha, samaki wameshaanza kunitazama vibaya! Fungueni!"

Bluma akashuka mbio, nusu ya nywele imetengenezwa, nusu bado. "Bibi, wageni watakula nini? Si wewe ni Kamati? Fanya kitu!"

Reb Zundel akaja, ufunguo shingoni, simu sikioni.

"Mfumo unasema leo bado ni sikukuu."

"Unasema hivyo kwa sababu hatukuuambia," Tzivia akajibu.

"Mfumo haukosei. Ni azimio."

"Sasa mzee, mbona unapiga simu siku ya sikukuu?" Avshalom akauliza.

"Simu ni ya ofisi."

Hapo nikakumbuka kanuni pekee ninayoijua kwa moyo, kwa kuwa imebandikwa juu ya mapipa yangu ya taka: Mwenyekiti awe mkazi wa Yerusalemu.

"Mwenyekiti, naomba mwongozo tu. Kama leo ni sikukuu, basi tuko ughaibuni?"

"Kwa mujibu wa mfumo, ndiyo."

"Na wewe pia?"

"Mimi ndiye wa kwanza kutii mfumo!"

"Basi mwenyekiti wa huku Yerusalemu ni nani?"

Avshalom akazima injini ili asikie vizuri. Reb Zundel alikuwa na njia mbili: kukiri kwamba azimio lake limekosea, au kuachia kiti. Akafikiri sana. Mwishowe akaiweka simu ukutani kwa ncha za vidole, kama mtu wa sikukuu, akavua ufunguo. Nikatangaza kwamba mimi, kwa kuwa sikuelewa nilichokipigia kura, sikuhama. Nikapewa ufunguo, nikafungua.

Samaki wakapita, geti likajifunga tena nyuma yao. Harusi ikafana. Reb Zundel alikuja kwa miguu, akakaa ukutani na kofia yake ya sikukuu, na kila aliyempita akamsalimu.

"Karibu Yerusalemu, Reb Zundel! Umefika lini?"

"Habari za huko ughaibuni, Brooklyn? Umetuletea nini?"

Tzivia akanifuata na sahani mkononi. "Bibi Hinda, nirekebishe sasa? Ni neno moja tu."

Nikaushika ufunguo. Ulikuwa mzito, mtamu. "Subiri kwanza mwanangu," nikamwambia. "Jambo kama hilo linahitaji kikao."

Alinitazama alivyokuwa akimtazama Reb Zundel.

Tuliporudi, geti lilikuwa limeshanyanyuka lenyewe. Nyota zilikwisha kutoka, sikukuu ya ughaibuni imekwisha. Nikabaki nimesimama chini yake na ufunguo usio na cha kufungua. Dirishani kwake Reb Zundel alikuwa anakoroma, amesharudi nyumbani bila kupanda ndege. Nikautia ufunguo chini ya mto, nikaanza kupanga ajenda kichwani: kwanza, kufungua kikao, pili, kuthibitisha tuko wapi, tatu… usingizi ukanichukua.