Kuletewa Ulipokaa

Jumatatu, 4 Machi
Wewe mtoto, kaa sawa! Mgongo umepinda kama ndoana, macho mekundu, chai imeota utando tangu asubuhi. Nimemwambia hivyo hivyo mjukuu wangu, yuko mbele ya mashine yake. Ameguna tu. Anaandika programu ya kliniki. Ijumaa anaenda kuionyesha. Ikigoma, kazi anapewa mwenzake wa ofisini, yule ninayemwita Tai kwa sababu tai yake ya shingoni haivui hata kwenye joto.

Nimemlazimisha anieleze. Kumbe programu ni vipande vipande. Kipande cha foleni ya wagonjwa kinahitaji kipande cha dawa. Hakiendi kukitafuta. Kinasema tu kinachotaka, seva, ile mashine inayoendesha programu, inakiletea. Lina jina refu jambo hili, uchomekaji wa vitegemezi. Mie naliita kuletewa. Miaka sabini na moja nimejichotea mwenyewe, na vipande vya programu vinaletewa!

Jumanne, 5 Machi
Nimeanza kuletewa. Nimekaa kitandani nikatangaza: kile cha mgongo! Mjukuu akaja na mto. Kile cha miguu! Akaja na ndara. Raha iliyoje! Mara ya sita akasema, Bibi, nina kazi. Seva gani hii inayonung'unika?

Jumatano, 6 Machi
Nimehamishia mpango nyumbani kwa mwanangu wa kiume. Nikamwambia mkewe: kile cha mgongo. Kaniletea dawa ya kuchua. Kile cha miguu: beseni la maji ya moto. Nikamwambia hakufunzwa kwao. Akajibu eti, Mama, kwangu vitu vina majina yake. Ulimi kama wembe!

Nimerudi nikamsimulia mjukuu, akacheka mpaka akashika meza. Kasema ndiyo shida yake hiyo hiyo. Seva yake inakiita kipande cha dawa jina moja, ya kliniki inakiita jingine. Kwa hiyo majina kayaweka kando kwenye faili moja dogo, kila seva na lake. Programu yenyewe haiguswi. La kliniki kapewa na fundi wao. Fundi! Mtu hujui hata kwao, unamwamini?

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda ofisini kwao na chupa ya chai na sura ya upole. Tai kanipokea: shikamoo bibi, kiti hiki bibi. Mnafiki. Alipoinuka kutafuta vikombe, nikanakili kiganjani jina la kipande cha dawa lililo ubaoni kwake. Herufi kumi na nne. Darasa la nne nililomaliza halikwenda bure!

Jioni mjukuu alikwenda kuoga, kaacha faili wazi. Nikafuta la fundi nisiyemjua, nikaingiza la Tai kwa kidole kimoja; anayeitaka kazi hakosei jina. Sikumwambia. Sipendi kushukuriwa shukuriwa.

Ijumaa, 8 Machi
Simu saa nne asubuhi. Sauti ya mjukuu imekauka: Bibi, umegusa mashine? Yuko kliniki, maandishi mekundu ukuta mzima, kipande cha dawa hakionekani, Tai keshasogeza kiti mbele. Nikamwambia nimekurekebishia, mwanangu, jina la Tai hilo. Kisha akasema lile ni la seva nyingine kabisa, ya majaribio ya Tai. Akakata. Adabu hakuna!

Nimekaa mlangoni hadi saa nane. Nikamwona anakuja taratibu, nikainuka. Kumbe kazi kapewa! Alirudisha jina moja kwenye lile faili, dakika mbili, hakufungua kitu kingine, mambo yote yakawaka. Daktari mkuu kasema anataka hiyo hiyo, inayopona upesi namna hiyo. Mjukuu kanikumbatia, kisha kaniapisha nisiguse tena mashine yake. Nimeapa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimelipima jambo hili. Bila mie kuharibu, daktari angeona nini? Programu inayokwenda tu, kama za watu wote. Kazi hii nimeipata mimi! Na kiapo kilihusu mashine yake; za ofisini hatukuzitaja. Nasikia kliniki wameongeza kipande cha maabara. Basi Jumatatu mjukuu anipeleke ofisini, nitengewe kiti na mashine, na huyo Tai aandike jina la kipande hicho ubaoni kwa herufi kubwa. Macho yangu si ya kunakili sisimizi.