Kitambaa Kiitwacho Purves

Jumatatu, 2 Machi 1931
Leo nimeijua njia ya utukufu! Wakati wa chai, mzee Rutherford, fundi wa mitambo, alitusimulia asili ya jina tweed. Wazee wetu Waskoti walikiita kitambaa hiki cha sufu tweel, kwa kuwa kimefumwa mshazari. Inasemekana mfanyabiashara mmoja wa London akausoma mwandiko vibaya, akadhani kimeitwa kwa jina la mto Tweed, huu huu unaopita mjini kwetu. Kosa moja tu la kusoma, dunia nzima ikalivaa!

Na lebo za kiwanda huandika nani? Mimi, Ninian Purves, karani.

Jumanne, 3 Machi
Sampuli ya kitambaa kipya cha kijani inakwenda kwa wanunuzi wa London kesho. Bwana Dalgleish, tajiri wetu, alisema wakiikataa, wafumaji wanne watapoteza kazi na kurudi nyumbani. Akaniagiza niandike “tweel ya kijani”, basi.

Bi Euphemia Scoular, mpiga taipu, akataka kuipiga lebo yeye. Nikamwambia mashine haina roho.

“Na mwandiko wako hauna huruma, Bwana Purves,” akanijibu. “Kama kuku aliyetoka matopeni.”

Wivu mtupu! Nikaandika Purves. Peke yake. Kwa madoido.

Jumatano, 4 Machi
Sampuli imeondoka. Jioni nilijizoeza mbele ya kioo namna ya kupokea pongezi kwa unyenyekevu. Mama akauliza kama jino linaniuma.

Ijumaa, 6 Machi
Balaa! London wamejibu. Wamependezwa mno. Wanataka yadi mia sita za Turves! Eti P yangu ilikuwa na kofia, wakaiona T. Turves! Yaani, kwa Kiingereza, mabonge ya udongo yenye nyasi! Wanasema jina linanukia mashamba, wateja wao watalipenda.

Bwana Dalgleish aliuliza nani kaandika. Nikasema pengine ni unyevu wa njiani. Akanitazama. Kisha akacheka hadi akashika meza. Hakuna mfumaji atakayerudi nyumbani, na wawili wataongezwa. Wanawake walicheza katikati ya mitambo, mzee Rutherford akazungushwa kama pia. Hata mimi nilijikuta narusha miguu, huku moyo unavuja damu.

Bi Scoular alifuta machozi ya kicheko. “Hongera, Bwana Bonge,” akasema, akanimegea nusu ya biskuti yake ya siagi.

Ilikuwa tamu. Inaudhi.

Jumamosi, 7 Machi
Amri imetoka: kuanzia leo lebo zote zitapigwa taipu. Mjini kila mtu ananisalimu “Bonge!” kwa furaha. Nimewasamehe. Watu wakubwa hawaeleweki.

Mchana Mama Laidlaw, mwokaji, akaniomba nimwandikie kibao cha mkate wake mpya wa zabibu. Hajaupa jina. Nikamwambia asijisumbue, jina ninalo.

Nimenunua wino mpya. Safari hii madoido yataanzia kwenye herufi ya pili.