Siku Omer Aliporudisha Mali

Mwaka ule bei ya kobalti ilipoanguka, Kolwezi nzima ilianguka nayo, isipokuwa Omer. Omer alikuwa ameshaanguka mara nyingi huko nyuma, kwa hiyo alijua namna ya kutua. Nyumba za kununulia madini zilifungwa kwa komeo, wenyewe wakapanda ndege bila kuaga hata wapishi wao. Polisi wakawafukuza wachimbaji kwenye kariere, yale machimbo ya wazi. Watu waliokuwa wakinywa bia kwa kreti wakaanza kuulizana bei ya chumvi. Omer yeye alikaa mtaani Musonoi kwenye kiti cha plastiki, mbele ya kibanda alimokuwa akipimia watu madini kwa mizani yenye tabia mbaya, akingoja Mungu amletee mtu.

Mungu, ambaye mambo yake hayachunguziki, akamletea valisi.

Ilikuwa nyekundu, yenye magurudumu, ikiburutwa matopeni na mwanamke aliyeshuka kwenye basi la Lubumbashi. Sasa jamani, mtu wa kwetu hubeba mzigo kichwani, au humpa mwingine abebe. Anayeburuta valisi juu ya matope kana kwamba barabara ina lami, huyo katoka mbali sana. Omer akasimama, akavua kofia.

"Karibu kwetu, mama muzuri kama picha! Leta hii valisi. Huku kwetu magurudumu inachokaka mbio."

Mwanamke akamtazama. Akamtazama tena, muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Omer hakuwa mtu wa kushuku macho ya wanawake. Akaona tayari amependwa.

Ni vizuri mumjue Omer, maana wengi walimjua wakiwa wamechelewa. Aliwahi kuuza mafuta ya Yerusalemu yaliyotoka soko la Manika. Aliwahi kuuza nafasi za kukaa kwenye treni ya Kasaji, katika msimu ambao treni yenyewe haikuwepo. Na kabla ya madini alikuwa mpiga picha wa harusi, mwaka mzima, bila filimu ndani ya kamera. Filimu inanunuliwa, alisema, lakini mwanga ni wa bure. Alikuwa akipokea malipo ya mwanzo, anamulika watu pwaa, pwaa, anakula wali wao, anatoweka.

Valisi aliibeba hadi kwa Mama Kanku, shangazi ya yule mwanamke, na kwa kuwa Mama Kanku hajawahi kukaa na habari tumboni, kabla maji ya chai hayajachemka Omer alijua yote.

Mwanamke aliitwa Shekina. Aliolewa hapo hapo Musonoi na Mwamba, mtoto wa Tata Kitenge, kijana aliyekuwa ameshapata uraia wa Marekani. Mali, yaani mahari, ilitolewa mbele ya watu: mbuzi, mashini ya kushona, baiskeli, na kostimu, suti ya mjomba. Mwamba akampeleka kwake Texas. Wamarekani wakampa kadi ya kijani, ila ya masharti, ya miaka miwili: kaeni kwanza, tuone kama ni ndoa, halafu mje wote wawili kuomba ile ya kudumu. Kabla hawajaenda, Mwamba akapata mwanamke mwingine, akadai talaka. Tena alianza kuambia watu kwamba yeye na Shekina walikuwa wakisaidiana tu, ndoa haikuwepo.

"Sasa naomba ile kadi peke yangu," Shekina alisema. "Banakubalia mutu aombe peke yake. Lakini lazima nionyeshe kama ndoa ilikuwa ya kweli. Picha, bashahidi, familia. Mi sina ata picha moja ya siku ya mali."

"Ata moja?" Omer akasikitika.

"Ata moja, tata. Na bakwe bangu banasema habatafungua kinywa mbele ya kamera mpaka mali irudi. Familia yetu itaitoa wapi? Mjomba alifukuzwa kazi, na kostimu yenyewe alishaiuza akaikula." Kisha akasema kwa sauti iliyokatika, "Kadi ikikufa, banarudisha mi huku. Lakini kitu inaniuma zaidi si kadi. Ule bwana nilimupenda. Anasema sikuolewaka!"

Machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. Mama Kanku naye akalia kumsaidia. Omer akatoa leso, na nyuma ya leso akili yake ikapanda ngazi mbili mbili: mwanamke anaachwa, mwanamke anarudi Marekani, mwanamke anahitaji mbuzi.

"Shekina, mama," akasema polepole, "kama kungepatikana mwanaume wa kurudisha hii mali yote, ungemwangalia na jicho gani?"

"Jicho muzuri."

"Jicho ya kuolewa?"

Shekina akapangusa uso, akamwonyesha shangazi yake kwa kidevu. "Nikuambie mbele ya Tantine asikie. Kadi yangu ni ya masharti. Kwa sasa haibebe mutu. Na sikuahidi kitu."

"Masharti!" Omer akacheka kwa huruma, kama anayemsikia mtoto akiogopa kuku. "Masharti ni kitu ya kuzungumuza."

Jamani, kaambiwa. Mbele ya shahidi. Tusije tukasikia baadaye kwamba alidanganywa.

Palibaki jambo dogo: Omer hakuwa na mbuzi hata mmoja. Lakini alikuwa na Polycarpe. Huyu alikuwa bosi wa wachimbaji wakati kobalti ni kobalti, na pesa ilipomwagika alinunua kila kilichopita mbele yake. Sasa alikaa nyumbani katikati ya mbuzi, baiskeli, na mashini ya kushona ambayo hakuna mtu wa kwake aliyejua kuitia uzi.

"Polycarpe, ndugu yangu," Omer alianza, "Marekani ikiita mutu, inaitaka na familia yake?"

"Sijui. Inaitaka?"

"Inaitaka! Mi nikioa ule mwanamuke, nafika kule, banauliza: Omer, ndugu yako wapi? Nitasema nani? Sina ndugu. Mama alinizaa peke yangu kama jino ya muzee."

Polycarpe akasogeza kiti. "Sema mi."

"We?" Omer akamkagua toka chini hadi juu, bila haraka. "Sura inafanana kidogo. Lakini undugu haukosi kuonekana kwa matendo."

Matendo yakaanza kutoka uani yakilia mee. Mashini ikafuata, na baiskeli, na kostimu ya Polycarpe mwenyewe ya ubatizo wa mtoto wake. Mke wake akapiga kelele, Polycarpe akamwambia anyamaze, yeye sasa ni mke wa Mmarekani. Mbele ya majirani waliotoka kuangalia, Omer akamkumbatia na kutangaza: "Toka leo huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Chakula yangu ni yake, nyumba yangu ni yake." Majirani wakapiga makofi. Omer maneno makubwa hayakumgharimu kitu, ndiyo sababu aliyatoa kwa wingi.

Akawaswaga wale mbuzi hadi kwa Mama Kanku.

"Vizuri sana," alisema Mama Kanku, akimshika mmoja masikio. "Utatupatia siye kwanza. Siye tunapokea, tunapeleka kwa Tata Kitenge. Njo desturi."

Hapo ndipo ujanja wa Omer ulipofanya kazi kupita kiasi. Mtu aliyekula vya watu maisha yake yote hawezi kuona mbuzi akipita mikononi mwa mwingine bila kuhesabu miguu. Akamwona Mama Kanku alivyomminya yule mbuzi mbavuni, akaona mchuzi.

"Hapana, Mama. Mikono mingi inapotezaka bitu. Mi mwenyewe nitaweka kamba mu mkono ya Tata Kitenge."

"Wewe mwenyewe?" Mama Kanku akamtumbulia macho. "Mbele ya batu?"

"Mbele ya batu na mbele ya kamera."

Mama Kanku akamgeukia Shekina. Shekina alikuwa akikunja nguo, hakuinua kichwa.

"Tantine, muache. Yeye ni mutu wa mujini, anajua."

"Bon," akasema Mama Kanku, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Musonoi akanyamaza na jambo tumboni.

Jumamosi uwanja wa Tata Kitenge ulijaa. Swedi wa video alikuja na kamera yake kubwa ya harusi, na Shekina alimkatalia kuanza mpaka afungue amwonyeshe kaseti kwa macho. Akaigusa kwa kidole. Akataka apige kidogo, arudishe, aone. Omer akafurahi: mwanamke makini hivi, kule Texas nyumba itakuwa safi.

Mama Kanku akamkalisha Omer upande wa familia ya mke, kwenye mkeka, katikati yake na mjomba. Omer akaona ni heshima, na ilikuwa heshima.

"Nani anarudisha?" akauliza Tata Kitenge, mzee mrefu mwenye kununa.

Omer akasimama, akakohoa, akageukia kamera upande wake mzuri. "Mi, Omer. Narudisha mali ya Shekina. Mbuzi njo hii, mashini njo hii, baiskeli njo hii, kostimu njo hii. Kwa mkono yangu, na kwa roho yangu."

Akaweka kamba mkononi mwa mzee. Watu wakapiga makofi ya taratibu, yale ya desturi. Tata Kitenge akazipokea, kisha akaitazama kamera kana kwamba Mwamba yumo ndani.

"Hii mali mi njo niliitoa," akasema. "Kwa jina ya mutoto wangu Mwamba. Alimuoa Shekina hapa, mbele ya hii batu yote. Balilala mu nyumba yangu mwezi muzima kabla ya kwenda, Shekina alikuwa ananipikia bukari. Kama Mwamba anasema haikuwa ndoa, Mwamba anadanganya, na mi baba yake nasikia haya." Akamgeukia mkwewe. "Mwanangu Shekina, nakupoteza bure."

Shekina akalia, mama mkwe akamshika, wakalia pamoja, na majirani mmoja mmoja wakaja mbele ya kamera kusema walikula nini siku ya ile ndoa. Swedi alipiga yote. Hata Omer aliguswa, kidogo, upande wa kushoto.

Kisha akaona wakati wake umefika. Akasimama tena.

"Batata na bamama, mlango imefungwa, sasa ninafungua ingine. Niko na neno. Nataka kuoa Shekina."

Mbuzi mmoja akalia. Mama Kanku akajipiga mdomoni kwa kiganja.

"Yoo! Yoo, batu ya Musonoi! Anataka kuoa dada yake!"

"Dada ya nani?" Omer akauliza.

"Yako!" Tata Kitenge alikuwa amesimama. "Mali ya mwanamuke inarudishwaka na nani? Na baba yake, na mjomba yake, na ndugu yake. Umekaa mu mkeka yabo. Umetoa kamba na mkono yako. Umesema mbele ya batu na mbele ya kamera, mi njo narudisha. We ni kaka yake toka leo mpaka kaburi!"

"Lakini mi... Mama Kanku, sema!"

"Nilikuambia utupatie siye," akasema Mama Kanku kwa uchungu mkubwa wa uongo. "Ukipatia siye, we ni mukwe. Ulikatala. Ulisema mikono mingi inapotezaka bitu."

Wazee wakashauriana kidogo. Kutamka maneno ya kuoa dada hadharani ni uchafu, na uchafu unasafishwa kwa kuku mweupe. Omer hakuwa na kuku. Wakachukua kofia.

Shekina alimfuata hadi kwenye ua, macho yake yakiwa bado mekundu.

"Ulinidanganya," Omer akasema.

"Nilikuambia kadi haibebe mutu. Nilikuambia sikuahidi kitu." Akamsogelea. "Unanikumbuka, yaya Omer, kaka yangu? Siku ya mali yangu, hapa hapa, wewe njo ulikuwa na kamera. Uliniambia inama kichwa, mama muzuri kama picha. Pwaa, pwaa. Nilitabasamu mpaka mashavu ikauma. Ukakula wali, ukapotea."

Omer akainua mkono kutafuta kofia. Ilikuwa imeshakwenda.

"Nilibishana ku simu na avoka wangu, ule mwanasheria, namwambia picha ziko, ziko kwa mutu mumoja ku Kolwezi. Nilikuja kuzichukua, kumbe kamera yako haikuwa na filimu. Na leo zimetoka." Sauti ikamlainika, labda bila kupenda. "Aksanti, yaya. Kweli. Umeniokoa."

Akaondoka na valisi yake, kaseti ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa cha kikwembe.

Omer alirudi nyumbani kichwa wazi. Mlangoni alikuta godoro, masufuria, mke aliyekasirika, na watoto ambao hakuweza kuwahesabu kwa sababu hawakutulia. Polycarpe alikuwa akitundika nguo zake kwenye msumari wa Omer.

"Ndugu yangu," Polycarpe akasema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lilimtisha Omer, "bitu yangu umepeleka. Marekani nasikia hakuna. Basi bale majirani yote balisikia: chakula yako ni yangu, nyumba yako ni yangu. Kitanda nimechukua mi, we utalala mu salon, pale sebuleni."

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, Mama Kanku alikuja na bahasha. Shekina alikuwa amepewa kadi ya kudumu. Ndani kulikuwa na picha yake amesimama mbele ya mlango wake kule Texas, anacheka, peke yake. Omer akaigeuza. Nyuma kulikuwa na maneno machache: Kwa yaya Omer. Hii ilikuwa na filimu.

"Dada yetu amenenepa!" Polycarpe akashangilia, akaibandika ukutani.

"Paa yangu inavuja," akasema Mama Kanku, akimtazama Omer. "Na mi mwanaume mwingine mu hii familia sina."

Omer akaangalia ile picha muda kidogo. Kisha akaenda kutafuta misumari.