Mafuta ya Nazi Ndani ya Ghala la Barafu

Jumatatu, 10 Julai 1961

Siku ya kwanza ghala la nyama, hapa Changamwe. Ndani nyama zimeganda, zinagongana kama magogo. Nimekaa dakika kumi, masikio yakawa si yangu.

Nafasi ya kudumu ni moja, watu wawili: mimi na Chengo wa Kaloleni. Msimamizi, Bwana Kefa, kasema Alhamisi ataangalia nani anastahimili zaidi, amwandike. Lazima niwe mimi. Mzee Matano amemchukua binti yake, mke wangu Mwanasaumu, na mtoto wetu, kawapeleka kwake Likoni. Watarudi nikipata kazi ya kueleweka. Nyumba kimya. Nachukia kula peke yangu.

Nimemwambia Bwana Kefa nimewahi kuvuka bahari hadi Ulaya, theluji mpaka magotini. Mwisho wa safari zangu ni Voi.

Jumanne, 11 Julai

Chengo kaja amevaa gunia ndani ya shati. Gunia! Kama viazi. Nilisubiri ageuke ndipo nikacheka.

Mimi nina dawa ya wazee. Kipupwe kikiingia, bibi alitupaka mafuta ya nazi kifuani, hatukukohoa. Kidogo kikitosha kwa kipupwe, chupa nzima itatosha kwa ghala.

Alhamisi, 13 Julai

Nimejipaka toka utosini hadi nyayoni. Chengo kaniuliza kwa upole kama naenda kuoa. Nikaingia wa kwanza, nikafunga mlango nionekane shujaa.

Mafuta yakaganda. Meupe, magumu, kila nikikunja kiwiko yanapasuka. Hilo nilistahimili. Nikashika komeo nitoke, mkono ukateleza. Nikashika tena. Vidole havikunisikia. Nikapiga mlango, nikaita. Hakuna aliyesikia.

Niandike ukweli: niliogopa. Baridi ile haiumi tu, inakubembeleza ulale. Nikakaa chini. Nikatoa shahada. Nikamwona mwanangu akijifunza kutembea mbali nami, nikalia.

Chengo ndiye aliyefungua. Akavua gunia lake akanifunika, akanibeba hadi juani. Alinisugua mikono akisema, "Usilale, ndugu yangu. Una mtoto wewe."

Ijumaa, 14 Julai

Chengo kaandikwa. Hakufurahi mbele yangu. Kaniombea kwa Bwana Kefa, nami nikapewa kazi, ya kudumu: kukaa nje, kwenye benchi kivulini, nifungue mlango kila aliye ndani akikawia. Bwana Kefa kasema hakuna anayejua umuhimu wa mlango ule kunishinda.

Nimekataa. Bawabu! Mimi, mtu niliyefika Ulaya!

Jumamosi, 15 Julai

Asubuhi kaja shemeji yangu, kaka wa Mwanasaumu, kutoka Likoni. Mzee Matano kasikia habari za kazi ya mlango, ameridhika. Mwanasaumu ameshafunga mizigo, mtoto kavishwa kanzu mpya.

Nikamweleza shemeji kwamba nimeikataa kwa ajili ya heshima. Akaomba maji, akanywa, akarudi kwao kuwaambia wafungue mizigo.

Nimelia. Halafu nimefikiri, na kosa nimeligundua. Mafuta ya nazi ni ya baridi. Ya ufuta ndiyo ya moto, kila mtu ajua. Jumatatu, inshallah, namwendea Bwana Kefa anijaribu tena ndani. Nimeshaanza kujipaka, ngozi izoee.