Pua ya Shujaa Vaeluaga

Jumatatu, 3 Juni

Baraza la kijiji limekata shauri. Sanamu ya Vaeluaga, shujaa wetu wa vita vya mitumbwi, itazinduliwa Jumamosi. Atakayevuta mkeka wa kuifunika lazima awe wa damu yake. Na mtu huyo atapewa nguzo barazani, mahali pa wakubwa kuegemea! Miaka kumi na tisa nakaa katikati bila nguzo ya kuegemea, mgongo umepinda kama ndoana. Binamu yangu Pesamino anayo. Huegemea, hufumba jicho moja, hunitazama kwa la pili. Naitaka nguzo hiyo kuliko wokovu, Mungu anisamehe.

Jumanne, 4 Juni

Nimempelekea mzee Uili, mchongaji, shelisheli la kuoka na kopo la nyama. Sanamu imekwisha, bado uso tu. Hakuna aliye hai aliyemwona Vaeluaga. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba kwetu ipo picha ya babu, na wazee walisema yeye na Vaeluaga walifanana kama mapacha. Nikampa. Picha ni yangu mwenyewe, ya ubatizo wa mwanangu, nimeikata chini tai isionekane. Uili akaitazama, akanitazama, akauliza kopo la pili liko wapi.

Mke wangu Fiasili kasema afadhali ningeziba paa la jiko. Hajui siasa, maskini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekariri nasaba barazani, vizazi saba. Viwili ni vya kweli. Nilidhani Pesamino atanirukia, maana tangu utotoni anajigamba kwa damu hiyo hiyo. Wapi! Akasema kwa upole kwamba kama Lautafi, yaani mimi, anasema ndiye mjukuu, basi ndiye, tena peke yake, na iandikwe. Ikaandikwa. Kanywea kama mbwa aliyemwagiwa maji!

Alipotoka alikuwa anacheka peke yake. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Juni

Pesamino kaenda mwenyewe, kwa miguu, kuwaalika watu wa Satuiala, kijiji jirani. Fiasili kauliza huo ukarimu umetoka wapi.  Mimi nikaenda barazani peke yangu, kujaribu nguzo. Tamu, jamani!

Jumamosi, 8 Juni

Nikavuta. Mkeka ukaanguka. Halafu kicheko kama radi. Pua yangu! Masikio yangu! Hata kovu la kidevu nililopata nilipoanguka mnazini!

Hapo akasimama msemaji wa Satuiala, usinga begani. Akasema Vaeluaga aliiba mtumbwi wao wa vita, na binti wa chifu akiwa ndani yake, wala hakuomba radhi. Kila walipouliza watu wake, walijibiwa kizazi kimekwisha. Leo wanamshukuru Mungu: kizazi kipo, kimeandikwa, na ushahidi ni hiyo pua. Haya mjukuu, radhi yetu iko wapi?

Nikamtafuta Pesamino kwa macho. Alikuwa ameegemea mti, jicho moja kafumba. Mshenzi alijua!

Radhi kwetu huombwa kwa njia moja. Unakaa chini mbele ya uliowakosea, umeinama, umefunikwa mkeka wa heshima, mpaka wao wenyewe wakufunue. Mkeka uliokuwa karibu ni ule ule niliouvua kwenye sanamu. Nikafunikwa.

Hawakuwa na haraka. Walikula kwanza. Nilisikia mifupa ya nguruwe ikivunjwa. Nilisikia Fiasili akiomba aongezewe majimbi. Saa tatu nzima! Mwishowe bibi mmoja wa kwao akaninyanyulia mkeka, akanitazama, akaitazama sanamu, akatangaza kwamba afadhali yule wa kuchongwa, ana haya kidogo. Watu wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyezinduliwa.

Jumapili, 9 Juni

Baraza halivunji ahadi. Nguzo nimepewa. Lakini kwa kuinama kule jana mgongo umekakamaa, siwezi kunyooka, siwezi kuegemea. Nimekaa mbele yake kama anayeiomba radhi. Pesamino kanishauri niikumbatie.

Nimeapa mbele ya mchungaji: uongo basi.

Baada ya ibada nimesikia Satuiala nao wanataka sanamu, ya yule binti aliyeibwa. Uso wake haujulikani. Mtu wa damu yake atapewa kiti chenye mito! Na mama yangu aliwahi kulala Satuiala, mvua ilipomkamata.

Fiasili amekataa katakata kupigwa picha. Si neno. Nimenyoa masharubu, nimechomeka ua sikioni. Kesho naenda kwa Uili. Safari hii makopo mawili.